Ithibati ya maabara: anayetupima anapimwa na nani?

Mvua zikikolea Kyela, meseji zinazoingia studio hufanana. Mtu amepimwa sehemu moja akaambiwa ana malaria na taifodi. Kesho yake amepimwa kwingine, hana kitu. Mwenzetu mmoja hapa studio yalimkuta hayo hayo, na dawa alikuwa ameshazinunua.

Wengi tukiona cheti cha usajili ukutani tunatulia. Usajili ni lazima, na kwa maabara binafsi unasimamiwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Lakini unachosema ni kwamba maabara inaruhusiwa kufanya kazi. Ithibati inasema jingine: watu wa nje wameichunguza, wameona inajua kupima, na watarudi tena kuangalia.

Kwa nchi yetu kazi hiyo hufanywa na SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC chenye makao Gaborone, Botswana, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Wakaguzi hawaji kuangalia vigae. Wanauliza: joto la friji linaandikwa? Vitendanishi vimepitwa na muda? Damu ya mtu ikibadilishana na ya mwingine, mtajuaje? Na maabara hupokea sampuli za mtihani ambazo majibu yake anayajua aliyezituma tu.

Hapo wengi watakumbuka papai. Mei 2020 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, zikarudi zina korona. Kuitega maabara kwa sampuli ya siri si jambo geni. Ila mtihani wa ithibati hutumia sampuli ya aina ambayo kipimo kilitengenezewa, na maabara ikikosea hutakiwa itafute chanzo na kurekebisha. Papai linatia shaka tu. Halionyeshi kosa lilitokea wapi.

Tuseme ukweli, zahanati zetu nyingi hazitapata ithibati karibuni. Ni gharama, na inataka watu na umeme wa kuaminika. Hata hivyo faida yake inafika Mwaya. Damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI hupandishwa Mbeya, na maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni miongoni mwa zilizowahi kupata ithibati. Mgonjwa huachiwa au kubadilishiwa dawa kwa namba inayorudi kwenye karatasi, na yeye mwenyewe hana njia ya kuikagua.

Jambo moja husahaulika: ithibati hutolewa kwa vipimo vilivyoorodheshwa, si kwa jengo zima.

Sasa turudi kwenye taifodi. Kipimo kinachotumika sana, Widal, hutafuta kinga ambazo mwili umetengeneza, si bakteria wenyewe. Aliyeugua zamani, au mwenye homa nyingine, anaweza kuonekana anayo. Hata maabara yenye ithibati haiwezi kukigeuza kipimo hicho kiwe cha uhakika. Kinachothibitisha ni kuotesha damu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujalipia dawa muulize daktari ametumia kipimo gani. Omba karatasi ya majibu, uitunze, na ukienda kupimwa kwingine nenda nayo.