Acha Kumfunga Mtoto wa Mbwa Ukidhani Atakuwa Mkali

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka pale njia panda ya Msata, leo tugombane kidogo.

Umepata mtoto wa mbwa wa wiki sita. Kitu cha kwanza unamfunga kamba nyuma ya banda, peke yake, wageni wasimwone, watoto wasimguse. Wengine mnamlisha na pilipili. Ukiulizwa, jibu ni lile lile: nataka awe mkali.

Hapo hutengenezi mbwa mkali. Unatengeneza mbwa mwoga, na mwoga ndiye anayeng'ata ovyo. Mwizi akija na jiwe, mbwa huyo anajificha nyuma ya banda. Anayeng'atwa ni mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi, au mteja wako.

Mbwa huijua dunia mapema mno. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, anachokutana nacho bila kuumizwa anakiona cha kawaida. Umri huo ukipita, kila kigeni kinamtisha, na kumrekebisha ni kazi ngumu. Wewe muda huo wote umeumalizia kwenye kamba!

Waangalie Wamaasai wanaochunga huku kwetu Chalinze. Mtoto wa mbwa anakulia bomani, katikati ya ndama na watoto. Akikua anawajua walio wake, na asiye wake anambwekea kutoka mbali. Pilipili hakulishwa.

Basi mzoeshe. Kila siku kitu kipya kimoja, muda mfupi, ukiwa na dagaa au tonge la ugali. Leo mwonyeshe mbuzi aliyefungwa, asije akapigwa pembe. Kesho bodaboda iliyozimwa, keshokutwa inayonguruma kwa mbali. Mama mwenye ndoo kichwani, mzee mwenye mkongojo, mtu aliyevaa kofia. Akirudi nyuma usimburute wala usimchape. Msogeze mbali, mpe nafasi, jaribuni tena baadaye. Siku nyingine mtie kwenye tenga umpeleke karibu na barabara ya Segera asikie malori. Lakini mbebe, usimshushe majalalani wanakopita mbwa wengine, maana ugonjwa wa kuhara damu unaua watoto wa mbwa haraka sana.

Najua kuna atakayesema, "Bwana mifugo, mimi Mwislamu, mate ya mbwa ni najisi." Sawa kabisa. Ila mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na kumzoesha si kumkumbatia. Mrushie dagaa chini, mwite kwa upole. Kazi ya kumshika mwachie asiyezuiwa, au unawe kama dini inavyoelekeza.

Kumshika ni lazima, hapo sitanii. Mguseni miguu, masikio na mdomo huku anakula, avae kamba shingoni kwa dakika chache bila kuteswa. Kukomesha kichaa cha mbwa tunahitaji kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa, na ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hatuna dawa ya kumponya. Halafu siku ya chanjo nasimama na sindano naambiwa, "Huyu hashikiki, mwache tu." Hashikiki, lakini usiku anazunguka uani wanapocheza watoto wako mchana.

Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.