Umilisi wa Mfuko

Desemba 2018, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Amina Mohamed, alisema nchi haiko tayari kwa mtaala mpya. Wiki chache baadaye, Januari 2019, mtaala ukaanza. Kwani kati ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule kulijengwa nini? Tangu siku hiyo, pengo kati ya "hatuko tayari" na "twende kazi" limezibwa na mtu mmoja: mzazi.

Na tunajua anavyoliziba. Saa mbili usiku saiba imefurika. Mama aliyeshinda juani akiuza sukuma anangoja kuprintiwa picha za wanyama, tena za rangi, maana mwalimu amesema ni kesho. Kesho kutwa ni manila, gundi na shanga. Halafu video ya mtoto akifagia, itumwe kwa WhatsApp. Na kama simu yake ni mulika mwizi? Atajua hajui.

Ukilalamika, unaambiwa ati unalilia 8-4-4. Zii. Kukaririshwa majibu miaka minane si kitu cha kulilia. Wazo la CBC ni zuri: mtoto atende, asikariri tu. Shida ni kwamba kukariri ni bei rahisi. Hata chini ya mti, bila kitabu, mtoto atakariri. Kutenda kunataka vitu. Ukitaka apime asidi, lazima asidi iwepo.

Hata 8-4-4 yenyewe ilianza hivi. Mwaka wa 1985 iliahidi ufundi: useremala, upishi, ushonaji. Wazazi wakachangishwa harambee kujenga karakana. Vifaa vikakosekana, na miaka ya 2000 ilipoanza, masomo hayo ya mikono yakaondolewa kwenye KCPE. Kilichobaki kikawa kukariri.

Sasa tazama sekondari msingi. Serikali ilijenga maelfu ya madarasa ya CBC katika shule za upili. Kisha, mwishoni mwa 2022, ikaamuliwa Gredi ya 7 ibaki shule za msingi. Madarasa kule, watoto huku. Maabara pia kule. Huku wakaletewa walimu tarajali kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na shule nyingi zikaanza na mwalimu mmoja wa kufundisha kila kitu, kuanzia Sayansi hadi Sanaa. Walipogoma 2024, tuliwashangaa, badala ya kushangaa kwamba walivumilia mwaka mzima.

Ingekuwa ni usumbufu tu, tungezoea. Wakenya tumezoea mengi. Lakini haya yote yana alama. Kumweka mtoto Gredi ya 10, wanahesabu asilimia 60 ya mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 ya ule wa Gredi ya 6, na asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Hizo za mwisho zina miradi na kazi za vitendo. Pale shule haina vifaa, manila ya mama inaingia kwenye hesabu ya taifa. Mtoto wa shule yenye maabara na mtoto aliyechorewa bika ubaoni wanapimwa kwa kipimo kimoja, halafu tunaambiwa mmoja ana kipaji cha sayansi na mwingine hana. Na serikali hiyo hiyo inataka asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu wachukue mkondo wa STEM!

Dai ni rahisi. Kazi yoyote yenye alama ifanyiwe shuleni, kwa vifaa vya shule. Shule isiyo na vifaa iletewe kwanza, ndipo mtoto apimwe. Kama Hazina haina pesa za kufanya hivyo, basi iseme wazi, na alama hizo zisihesabiwe.

Vinginevyo tuache kuuita mtaala wa umilisi. Mtoto anayepimwa kwa kilichonunuliwa hajapimwa yeye. Umepimwa mfuko wa mzazi wake, na huo tulikuwa tunajua ulivyo tangu mwanzo.