Baba hajasafiri: mtoto naye aambiwe ukweli wa msiba

Maturubai yakifungwa na masufuria ya msibani yakiinjikwa, watoto wadogo wa marehemu mara nyingi hupelekwa kwa jirani. Mmoja akiuliza baba yuko wapi, hujibiwa: amesafiri. Wakubwa huona wamemwepusha na uchungu, kumbe wamempa sababu ya kumngojea baba kila geti linapogongwa.

Mtafiti Maria Nagy, aliyewahoji watoto wa Budapest na kuchapisha matokeo yake mwaka 1948, aliona kuwa walio chini ya miaka mitano huchukulia kifo kama safari au usingizi, na kwamba aliyekufa anaweza kurudi. Watafiti waliomfuata waligundua kuwa wengi huanza kuelewa kwamba kifo hakina marejeo kati ya miaka mitano na saba. Kwa hiyo anayesema “amesafiri” anamzidishia mtoto mkanganyiko ule ule anaohitaji kutolewa. “Amelala” ni mbaya zaidi: mtoto huweza kuanza kuogopa kitanda.

Maneno yanayofaa ni mafupi. Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii maumivu, hatarudi. Si kosa lako. Hilo la mwisho lisisahaulike, kwani mtoto mdogo huweza kuamini kabisa kwamba utundu wake ndio uliomuua mzazi. Habari za mbinguni na dua zina nafasi yake, ukweli huo ukishasemwa.

Kijana wa miaka 14 haulizi baba yuko wapi. Yeye hutwishwa mzigo mwingine: jikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa. Akinyamaza husifiwa; akianza kutoroka shule, huitwa mtukutu.

Wanaosema mila zetu haziruhusu mazungumzo kama hayo watazame Uganda. Kina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI kilichoanzishwa mwaka 1992, waliwaandikia wanao vitabu vya kumbukumbu: asili ya ukoo, picha, visa vya utotoni, na habari ya ugonjwa wenyewe. Watoto walisikia kutoka kwa mama angali hai.

Wala hapahitajiki daktari bingwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 katika maeneo manne ya Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Waliotoa ushauri nasaha kwa vikundi walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Katika maeneo matatu kati ya manne, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliopata ushauri huo. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa imetoweka upande wa Tanzania, lakini nchini Kenya bado ilionekana wazi.

Kikao cha familia huteua wa kusimamia jeneza, chakula na usafiri. Kiteue pia mtu mmoja wa watoto: shangazi au mjomba waliyemzoea. Awaeleze mapema watakachokiona makaburini, awaulize kama wanataka kwenda, na aondoke nao wakizidiwa. Kabla hawajarudi shule, ampigie mwalimu wa darasa. Kazi hiyo haihitaji mchango hata wa shilingi moja, na hakuna sababu ya kuisubirisha hadi matanga yaishe.