Mwalimu Wangu Ana Saa Nne, na Zote Zimekufa

Vijana wenzangu, leo nina ugomvi. Si ugomvi na serikali, wala si na wachapishaji wanaofungia miswada yetu kabatini mpaka panya wanaisoma kabla ya wahariri. Nina ugomvi na sisi wenyewe, na saa za ukutani.

Mwaka juzi nilipanda basi kwenda kwetu Tandahimba. Kesho yake nikaenda kumwamkia mwalimu aliyenifundisha darasa la saba. Sasa amestaafu, anaishi na wajukuu wawili kwenye nyumba ya bati, uwani kuna kisima cha kuvunia maji ya mvua. Nilipoketi sebuleni nikainua macho: saa nne ukutani. Zote kubwa, zote zina maandishi ya dhahabu, zote zimesimama. Moja inasema ni saa tatu na robo, jirani yake anabisha kuwa ni saa kumi kasorobo. Ya mwisho, upande wa dirishani, ilikuwa ya darasa letu. Niliitambua kwa sababu herufi moja ya neno ASANTE ilibanduka siku ileile ya mahafali.

"Mwalimu, mbona hazitembei?"

Akacheka. "Mwanangu, hela ya betri nikiipata nanunua za tochi. Saa mimi ninayo mkononi, tangu nilipoajiriwa."

Nikanyamaza. Maana ile saa yetu ina historia, na historia yenyewe inanuka.

Mwaka ule walichaguliwa wenzetu watano kuwa kamati ya zawadi. Wakakaa dakika kumi chini ya mkorosho, wakatoka na azimio: saa ya ukutani, kila kichwa shilingi elfu mbili, mwisho Ijumaa, asiyetoa hapigi picha ya pamoja. Hakuna aliyeuliza Mwalimu anapenda nini. Hakuna aliyeuliza kama anayo saa. Kamati ile haikuwa inamtafutia Mwalimu zawadi, bwana. Ilikuwa inatafuta kitu kikubwa cha kupita nacho mbele ya mgeni rasmi, watu wapige vigelegele.

Sasa ninyi mliokulia mjini, niwaeleze hesabu ya kwetu. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na mahafali huwa kipindi hichohicho. Korosho ndiyo kwanza zinadondoka. Minada ya chama kikuu, kwetu TANECU, hufunguliwa kuanzia Oktoba, na hela humfikia mkulima baada ya mnada, na kungoja huko wakati mwingine ni wiki na wiki. Msimu wa 2018 wakulima waligomea bei, Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliongoja malipo mpaka mwaka uliofuata. Kwa hiyo Septemba ni mwezi wa mfuko mtupu. Ukimwambia mama wa Septemba atoe elfu mbili ya saa, umemtuma kwa mtu wa kangomba.

Kangomba mnaijua? Ni biashara haramu ya kununua korosho kwa kipimo cha kopo badala ya mizani, kwa bei ya kutupa, kabla mzigo haujafika ghalani. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwetu mwaka 2007 ili mkulima auze kwa mizani na kwa mnada. Kangomba haikufa, ikabaki inapita vichochoroni usiku. Mwenye shida haendi kule kuuza. Anakwenda kuporwa, na anasema asante.

Rafiki yangu mmoja, jina nalihifadhi, mama yake alikwenda kule. Alipimiwa korosho ambazo ghalani zingemletea mara mbili yake au zaidi, akarudi na noti mbili za elfu moja. Noti zile ziliingia kwenye saa. Saa ndiyo hii imekufa ukutani. Nani kafaidika? Mwalimu hakufaidika. Mama hakufaidika. Rafiki yangu kaambulia picha. Waliofaidika ni mwenye duka na mwenye kopo.

Hiyo mimi naiita kangomba ya mahafali. Na iko ya pili, mbaya zaidi: zawadi inayotangulia mtihani. Mzazi anaingia kwa mwalimu na jogoo kwapani, wiki moja kabla ya karatasi. "Kitoweo tu, mwalimu." Kitoweo gani kinachojua ratiba ya mtihani? Huko ni kununua zao likiwa bado juu ya mti. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalo jina lake, sina haja ya kulirudia hapa. Jogoo wa halali huwika baada ya matokeo.

Najua mtanijia juu. Mtasema mkono mtupu haulambwi. Mtasema mshahara wa mwalimu mdogo, nyumba inavuja, mwacheni apate chochote. Nakubali, mshahara ni hoja. Lakini hilo ni deni la mwajiri, na lina mahali pake pa kudaiwa. Lina hata siku yake: tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1994 kukumbuka mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Mapendekezo yale yanazungumzia mishahara, mafunzo, mazingira ya kazi. Saa ya ukutani haimo. Tukianza kulipa deni la mwajiri kwa elfu mbilimbili za akina mama wa Septemba, mwajiri atalala usingizi na mama atakesha. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Tusiirudishe kwa jina la shukrani.

Lakini na ninyi wa upande wa pili msishangilie. Nawasema ninyi washairi wenzangu, mnaopenda kusema eti zawadi bora ni shukrani ya moyoni. Ya moyoni imekaa moyoni, mwalimu ataijuaje? Huo ni ubahili tu, umevishwa kanzu ya ushairi. Mwalimu naye ni mtu, anafurahi kupokea. Kinachonikera mimi ni kumpa kitu bila kumtazama.

Ngoja niwaeleze zawadi moja. Uwanda wa juu wa Makonde ni mkavu. Bibi zetu walikuwa wakishuka miteremko kufuata maji bondeni, wanapanda nayo kichwani. Baadaye yakaja maji ya kupandishwa kwa pampu, na pampu ikigoma, ndoo moja inakuwa na bei. Shuleni tulikuwa tukibebeshwa ndoo hizo kupeleka nyumbani kwa walimu. Asiniambie mtu kwamba ile ilikuwa shukrani. Ilikuwa amri, na nyuma ya amri kulikuwa na fimbo.

Basi yule rafiki yangu, mtoto wa mama wa kangomba, hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alibaki kijijini, akapata baiskeli, akawa anauza maji kwa madumu. Na kila Jumamosi alfajiri, miezi ya kiangazi, kisima cha Mwalimu kikishakauka, huacha madumu mawili mlangoni bila kubisha hodi. Mwalimu mwenyewe alinieleza, ameketi chini ya zile saa nne.

"Huyo hakufaulu mtihani wangu wa hesabu hata mmoja," alisema. "Lakini siku za maji yangu kwisha anazihesabu vizuri."

Ndoo zile za shuleni na madumu haya, maji ni yaleyale. Ya kwanza ilikuwa kazi ya kulazimishwa, ya pili ni zawadi. Huyu angeweza asilete, na hakuna ambaye angemuuliza. Alimtazama Mwalimu akaona kinachompungukia. Na hana maksi anazoziomba.

Mkitaka mfano wa mwandishi, yupo. Albert Camus alikulia Algeria katika umaskini, baba kafa vitani, mama hajui kusoma. Mwaka 1957 akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Makelele yalipopungua akamwandikia barua Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi, yule aliyempigania aendelee na masomo. Hotuba zake za Nobel zilipochapwa akazitabaruku kwa mwalimu huyohuyo. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini. Mzee Germain hakuwa tena na daraja la kumpa wala la kumnyima. Na barua ile ni fupi tu, lakini inataja hasa alichotendewa. Haikuhitaji mgeni rasmi.

Sasa mtaniuliza: ndugu mwandishi, tununue nini basi? Sitawapa orodha, maana orodha ndiyo iliyozaa saa nne. Nenda kamtazame mwalimu wako. Yule aliyetoka Bukoba akapangiwa kazi huku kusini, akazeekea hapahapa, mtafutie kahawa ya kwao. Yule anayesahihisha madaftari kwa koroboi, mpe taa ya sola. Yule msomaji, mpe kitabu, na ndani mwandikie ni ukurasa gani uliokukumbusha darasa lake. Huna hela? Naye ana mikorosho, kampalilie. Jembe limekushinda? Andika. Lakini usimwandikie "asante kwa yote", hayo ni maneno ya kadi za dukani. Mwandikie siku fulani, kosa fulani alilokusahihisha, neno fulani alilolitamka ukaenda nalo nyumbani. Kama kweli wewe ni mwandishi, hapo ndipo tutakujua.

Na mkitaka kuchanga, changeni. Ila kopo lipite limefunikwa, isijulikane nani katia ngapi, na asiyetia chochote apige picha mbele kabisa. Tena lipite Desemba, korosho zikishalipwa. Mtasema Desemba darasa limeshatawanyika. Ndiyo hasa! Atakayerudi kutoa wakati hakuna anayemwona, huyo ndiye mwenye shukrani. Wahenga walishamaliza: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa mtaniuliza swali la mwisho, na mna haki. Wewe bingwa wa maneno, siku ile ulimpelekea nini?

Nitasema kweli, ingawa inaniumbua. Nilimpelekea jarida. Lilikuwa na hadithi yangu, jina langu limekaa juu kwa herufi nene. Njia nzima kutoka Dar nilikuwa nalitoa kwenye begi nalitazama. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akalipokea, akalisogeza karibu na uso, akalipeleka mbali, akalirudisha karibu. Kisha akaliweka mezani taratibu, akaniambia ni zuri sana.

Macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Mimi sikujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimembebea sifa yangu mwenyewe nikaiita zawadi. Tofauti yangu na ile kamati ya chini ya mkorosho iko wapi? Angalau saa yao ilikuwa na jina lake, jarida langu lilikuwa na jina langu.

Basi nikakaa nikamsomea. Jua lilizama tukiwa ukurasa wa tatu. Alinisahihisha mahali pawili, na pote alikuwa na haki. Giza lilipoingia nikaomba ruhusa kidogo, nikaenda dukani nikanunua betri.

Za tochi.