KIUNGO KIKIFA, FUNDI ASIKATWE MSHAHARA



Hapa Noonkopir twaletewa malalamiko ya namna moja kila mara. Kijana ametengeneza redio au simu katika duka la tajiri wake. Baada ya wiki chache chombo charudi kimekufa. Tajiri hachunguzi neno. Akata mshahara na kusema fundi ni mvivu. Sisi twasema: kwanza itazamwe lehemu yenyewe.

Lehemu ya zamani ilikuwa madini ya bati na risasi, nayo huyeyuka kwa moto wa digrii 183. Tangu tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya umekataza risasi katika vyombo vingi vya umeme vinavyouzwa huko, na viwanda vingi vya dunia vikafuata. Kwa hiyo simu nyingi tunazozifungua Kitengela leo zimeunganishwa kwa bati lenye fedha na shaba kidogo. Lehemu hii huyeyuka karibu na digrii 217.

Tofauti hiyo si ndogo. Moto ukiwa haba, lehemu yashika juu juu tu; ukizidi, bodi yaungua. Lehemu ya zamani ikipoa vizuri hung'aa, lakini hii mpya hufifia hata ikiwa njema, na jicho lililozoea ya kwanza hudanganyika. Tena ni kavu zaidi: simu ikianguka, kiungo chaweza kupasuka. Na bati lisilo na risasi huweza kuota nywele nyembamba za chuma, zikagusa kiungo cha jirani na kuleta shoti. Mwaka 1998 setilaiti ya Marekani, Galaxy IV, iliharibika angani, na nywele hizo zikatajwa kuwa ndizo sababu. Je, waliounda setilaiti nao walikuwa wavivu?

Wako wenzetu wasemao, basi turudie risasi. Hasha! Tukumbuke Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi. Bibi Phyllis Omido, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, aligundua kuwa mtoto wake aliyekuwa akinyonya alikuwa na sumu hiyo mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Shilingi bilioni 1.3, lakini hakuna fedha iwezayo kumrudishia mtoto afya yake. Aliye na koili ya risasi mezani asile chakula kabla ya kunawa mikono, wala asiichanganye na lehemu mpya, maana kiungo cha mchanganyiko hakitegemewi.

Lehemu mpya si adui yetu. Adui ni kazi mpya kufanywa kwa chombo cha zamani, kwa haraka, bila mafunzo. Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, tajiri anunue chuma cha kulehemu chenye kipimo cha moto. Pili, fundi afundishwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ili wafanye kazi kwa usalama. Tatu, mshahara usikatwe ovyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu makato ya hasara ya mali ya tajiri pale tu mfanyakazi alipoharibu kwa kusudi, tena kwa kiasi cha haki. Kiungo kilichopasuka chenyewe si kusudi la mtu.

Nasi mafundi tuna wajibu wetu. Andika katika daftari chombo gani kimeingia, lehemu gani umetumia na tarehe. Ukikatwa mshahara, lete daftari hilo kwa mwakilishi wako mapema. Neno la mtu mmoja hupuuzwa. Madaftari ya mafundi ishirini hayapuuzwi.

Umoja ni nguvu.