Tusiusingizie ugali

Siku hizi hapa Dar kila ninayekaa naye mezani "amekata wanga". Ukimuuliza amekata nini hasa, jibu ni moja: ugali. Halafu saa kumi jioni unamkuta na soda baridi na maandazi mawili. Jamani!

Wadau, soda ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu kama 37. Ni vijiko tisa hivi vya chai, na huo nao ni wanga mtupu. Sisi waandishi tunaijua vizuri, maana mikutano mingi na vyombo vya habari hunoga soda na sambusa zikishafika. Lakini soda haina kesi, mshitakiwa ni ugali.

Nina baba mdogo mwenye kisukari. Nyumbani kwake walimpiga marufuku ugali, na kila asubuhi wanamwekea slesi nne za mkate mweupe na chai, wakiamini wanamlinda. Mkate mweupe ni ngano iliyokobolewa, nao hupandisha sukari mwilini haraka. Hapo kaponaje?

Kwa mtazamo wangu, swali si ugali au hakuna ugali. Swali ni ugali gani, kiasi gani, na umekaa na nini sahanini. Sembe tunayoipenda kwa weupe wake imeondolewa ganda na kiini cha hindi, yaani nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini. Vyote hivyo huishia kwenye pumba, na pumba tunawauzia wenye ng'ombe na kuku. Ng'ombe anakula kilicho bora, sisi tunabaki na weupe!

Mama lishe wa karibu na ofisi yetu aliwahi kujaribu kupika dona. Wateja, tena wenye digrii zao, walimuuliza kama siku hizi anapikia wafungwa. Akarudi kwenye sembe. Simlaumu, biashara ni biashara. Ila sisi tuliosoma tunachagua chakula kwa rangi?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwamba wanga utoke hasa kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa zaidi ya gramu 10. Maharage, wadau, wala si vyakula vya kopo kutoka supamaketi.

Dona nayo si dawa. Ukijaza mlima wa dona na mchicha wa kuchungulia, sukari itapanda tu. Robo ya sahani inatosha, robo nyingine maharage au dagaa, nusu iwe mboga. Najua mtaani mpangilio wetu ni kinyume, mboga ndiyo ghali na ugali ndiyo unaoshibisha. Kwa mbeba zege hoja hiyo naielewa. Kwa mimi na wewe tunaoshinda kwenye kiti tukibofya kompyuta, siielewi.

Tahadhari moja ya kweli: dona inataka mahindi safi, makavu, yaliyochambuliwa. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tena dona haikai sana, mafuta ya kiini huchacha. Ndiyo maana mimi nanunua kilo mbili mbili, sijazi ndoo.

Anayejua mashine ya maeneo ya Kinondoni inayochambua mahindi vizuri kabla ya kusaga dona anidokeze. Ninayoitegemea imefungwa wiki ya pili sasa, na baba mdogo ameshaanza kuulizia.