Theluji ya nani?

Kila mwezi wa kumi na mbili, hapa Lubumbashi, mvua inapiga mabati na maembe inaiva, lakini ndani ya nyumba tunabandika pamba juu ya mti wa plastiki, eti njo theluji. Theluji ya nani?

Wanatuambia: desturi ya kweli iko vile. Hapana! Mwaka 1605, watu wa Strasbourg walitundika juu ya miti yao pomu, mikate myembamba na maua ya karatasi: vitu vya kwao. Sisi tunaiga theluji, hatuigi akili.

Basi tusimamishe tawi kavu la muembe ndani ya ndoo ya mchanga. Tawi kavu tu, maana makala imekwisha kula pori ya kutosha. Tukunje nyota kwa nyuzi za shaba (si zile za nguzo za umeme!), tugonge vifuniko vya chupa. Na juu kabisa, msalaba mdogo wa shaba, sawa ule mababu walitumia kama feza mbele ya Wazungu kufika.

Wengine watacheka: "Mti wa maskini." Wacheke, lakini mwezi wa kwanza wasikuje kulia pesa ya masomo.